Tulivyokwenda Botswana Kuposa Bila Mjomba

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kazini, na juzi Mama Neema kaniuliza kwenye foleni ya samaki hapa Tooting huku muuzaji ananingoja nichague: Botswana ikoje? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Miguu yangu bado imevimba, na mgongo unauma kuliko siku ninapowainua wazee ninaowatunza kazini bila msaidizi. Basi naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nilale.

Kwa asiyejua: mwanangu Deo, aliyezaliwa hapa hapa London, amepata mchumba. Anaitwa Boitumelo, ni nesi hapa hapa London, sisi tunamwita Tumi. Binti ana adabu, na siku ya kwanza kuja kwangu aliosha vyombo bila kuombwa, nikamaliza mashaka yangu palepale. Kwao ni Botswana, kijiji kidogo ukishapita mji wa Serowe. Wazee wake wakatuma neno kwamba kabla ya pete, kabla ya kanisa, familia ya kijana ije iseme inataka nini.

Mimi nikasema hilo halina shida. Baba yake Deo alishafariki, lakini kwetu Muheza kuposa tunakujua. Unatafuta mshenga: mtu mzima, mwenye ulimi, na asiwe ndugu, maana ndugu huona haya, au akiguswa hukasirika akaharibu shughuli. Nami mshenga nilikuwa naye.

Kutoka Tooting hadi Heathrow

Mshenga wangu ni Mzee Gurdip wa Southall. Wengi mnamfahamu, yule kalasinga mrefu aliyezaliwa Nakuru, aliyekuwa akichora vibao vya maduka kule kabla hajahamia huku. Kiswahili chake kina Ukenya mwingi lakini hakimwangushi. Ameshaposa kwa niaba ya vijana watatu tunaowajua, na wote watatu bado wanaishi nyumba moja na wake zao, jambo ambalo kwa London si dogo.

Kaka yangu Beno, tuliyezaliwa tumbo moja, alinipigia kutoka Muheza aliposikia habari. Ana shamba la michungwa, na msimu ulikuwa unaanza. Akaniuliza, "Nije?" Nikamwambia asihangaike, mshenga yupo. Akasema haya, akaomba nimpe Deo amsalimie, kama kawaida ya kila Jumapili. Deo akaja, akasema "Shikamoo, mjomba," akaongeza "I'm good, thank you," akanirudishia simu. Anaelewa kila neno, ila akifungua mdomo hutoka Kiingereza. Mmezaa huku, mnajua.

Siku ya safari Mzee Gurdip alikuja kwa treni ya Elizabeth na tulimkuta uwanjani ameketi juu ya sanduku lake, amevaa suti ya kijivu na kilemba cha buluu, kama vile harusi ni jioni hiyo. Kwenye ukaguzi wakamnyang'anya chupa ya achari ya maembe. Aliiomboleza achari ile mpaka tukavuka ikweta. Ndege yenyewe ilichelewa, tukakaa kwenye viti vile vya chuma mpaka nikasahau nina makalio. Mzee akatoa chapati zake za majani ya methi akatugawia. Chapati bila achari, alisema, ni kama posa bila maneno.

Johannesburg hadi mpakani

Sikulala kwenye ndege. Aliyeketi mbele yangu alilaza kiti chake juu ya magoti yangu tangu London mpaka Johannesburg, na nilipomgusa bega kwa upole alinishukuru, sijui kwa nini.

Kutoka Johannesburg tulipanda basi la kwenda Gaborone. Deo alitaka tuunganishe ndege, nikamwambia nataka kuiona nchi. Majuto ni mjukuu. Tairi lilipasuka mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa jua na uzio, tukashuka wote, tukasimama kwenye kivuli cha basi lenyewe, na kivuli kikawa kinasogea nasi tunasogea nacho. Mwanamke mmoja mwenye shuka mabegani akanipa nusu ya chungwa. Nilipolila nikamkumbuka kaka Beno.

Mpakani ndipo nilipofundishwa somo la kwanza la Botswana, nanyi lichukueni kama mna mpango wa kwenda. Nilifika dirishani nimechoka, nikasukuma pasipoti na kuuliza niweke saini wapi. Ofisa, kijana mdogo, hakuichukua. Alinitazama tu, akasema, "Dumela, mma." Nikauliza tena, wapi saini. Akasema tena vilevile, taratibu. Yule mama wa chungwa akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba anakusalimia, mwitikie. Ndipo nikaona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Mimi, niliyelelewa kwa shikamoo, nisiyepita kwa jirani bila kuuliza ya huko, London imeninyonya salamu mpaka nafundishwa na mtoto wa dirishani. Nikaitikia. Akatabasamu, akagonga muhuri. Botswana huwezi kuuliza hata njia ya chooni kabla ya salamu, na wala usione kama unachelewa, maana hakuna anayekimbia.

Gaborone hadi kijijini

Gaborone tulilala tu, siwezi kuisifu wala kuilaumu. Kesho yake tukashika barabara ya kaskazini. Mnaniuliza nchi ikoje: ni tambarare, pana, watu wachache. Unakwenda, unakwenda, vichaka vya miiba, kisha ng'ombe wamesimama katikati ya lami hawana haraka, kisha punda, kisha tena vichaka. Mvua kwao ni kitu kikubwa kiasi kwamba pesa yao wameiita pula, yaani mvua, na mtu akihutubia vizuri mkutanoni watu humwitikia kwa neno hilohilo. Mimi niliyetoka kwenye manyunyu ya Tooting, ambako tunailaani mvua kila asubuhi, niliona haya.

Chakula nilikipenda. Wana nyama ya ng'ombe wanaichemsha kwa chumvi tu mpaka inaachia mfupa, kisha wanaitwanga. Wanaiita seswaa, unakula na ugali. Tatizo ni kwamba Mzee Gurdip hali ng'ombe, na tulikuwa tumeingia nchi ambayo mgeni akiheshimiwa huheshimiwa kwa ng'ombe. Kila tulipokaribishwa ilibidi nieleze, na kila nilipoeleza walimwonea huruma kama mgonjwa. Ilivyo bahati, wana maandazi yao ya duara, magwinya, yanayouzwa kila kituo cha basi. Mzee aliishi kwa magwinya na chai, na hadi leo anasema ni bora kuliko ya Nakuru, ila anasema kwa sauti ya chini.

Tumi alikuwa ametutangulia kwao; sisi tulifikia kwa Mma Lorato, jirani yao, mama mnene mcheshi aliyetupa vyumba viwili na kutuonya kwamba asubuhi tuamke mapema. Kwao posa hupelekwa alfajiri, kabla jua halijapanda. Niliuliza kuna jambo gani lingine la kujua. Akasema nifunike kichwa na Mzee avae koti. Mengine alidhani tunayajua, kama mimi nilivyodhani tunayajua.

Asubuhi ya kwanza

Tulikwenda wote watatu, mimi, Deo na Mzee Gurdip. Sasa najua kuwa hilo pekee lilitosha kuwashangaza. Kijana hapeleki posa yake mwenyewe, na mama yake hungoja nyumbani. Lakini walitufungulia lango, tukakaa. Wanaume wao walikuwa kwenye viti vifupi, na makoti yao yamefungwa vifungo vyote. Wanawake walikuwa chini kwenye mikeka, miguu wamenyoosha, shuka za miraba mabegani.

Mkubwa wao alikuwa Rra Modise, yaani Bwana Modise, kaka wa mama yake Tumi, mzee mwembamba anayesema pole pole. Tukasalimiana sana. Kisha akauliza kwa Kiingereza, kati yetu malome ni yupi. Malome ni mjomba, kaka wa mama.

Mzee Gurdip akasimama. Alikuwa ameiandaa hotuba tangu Southall, na ilikuwa nzuri, siwezi kumdhulumu. Akaeleza kuwa yeye si mjomba, si ndugu wala jamaa, hana damu na kijana huyu hata tone. Alitamka kwa fahari, kama vile mshenga anavyopaswa, maana kwetu hiyo ndiyo sifa: huyu hana upande, anasema haki. Akamsifu Deo, akamsifu Tumi, akasifu na ng'ombe ambao yeye mwenyewe hawali.

Akakaa. Wazee walitazamana. Kisha akina mama wakaleta chai na magwinya, wakatukaribisha kwa heshima, wakatuuliza habari za London, wakatusindikiza mpaka langoni. Mimi nikatoka moyo umejaa. Nikamwambia Mzee, "Umewaweza." Kwetu mtu hakuleti chai akusindikize kisha awe amekukataa.

Kumbe kwao adabu ni adabu na jibu ni jibu. Haikupita muda Tumi akaja kwa Mma Lorato macho mekundu. Wazee wamesema wamefurahi kutembelewa, ila posa haijaletwa. Aliyekuja si mtu wa kuposa.

Kumngoja Beno

Niliomba kumwona Rra Modise mwenyewe, akakubali kuja kukaa nasi barazani kwa Mma Lorato. Mzee Gurdip alijitetea. Akasema kwetu mshenga hata baada ya harusi kazi haimwishi, mke na mume wakigombana yeye ndiye huitwa. Rra Modise alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita mzee mwenzangu. Akasema hana ubaya naye, anaona ni mtu wa maana.

"Lakini mimi na wewe tunaondoka karibuni," akasema. "Baba wa kijana ameshaondoka. Mtoto wetu anakaa mbali, ng'ambo ya bahari. Siku mambo yakiharibika, tukiita, nani atakuja?"

Mzee Gurdip akanigeukia. Rra Modise akaniuliza kama nina kaka. Nikasema ninaye. Akauliza yuko wapi. Nikasema Tanzania. Akasema, "Basi mwite," kama vile Tanzania ni nyumba ya pili kutoka pale.

Hapo ndipo safari iliponichosha kweli. Likizo yangu ilikuwa inaisha, ya Deo ilikuwa inaisha, ya Tumi vilevile, na tungerudi mikono mitupu ningekusanya wapi tena nauli na ruhusa za watu wote wale. Zaidi ya hayo niliona uso wa Deo. Alisema tu "It's fine, Mum," na mnajua mtoto wa London akisema hivyo basi hakuna kilicho sawa. Nilimpigia Beno. Alikuwa shambani, nikasikia watu wakipakia machungwa. Nilimweleza huku najikaza. Hakuniambia, "Si nilikuuliza?" Alisema, "Niandikie jina la hicho kijiji," akakata simu.

Ndege hakuimudu, na mimi pochi yangu ilishakauka, kwa hiyo alikuja kwa mabasi. Fungueni ramani muone: Muheza mpaka Tunduma, Zambia yote kwa urefu wake, daraja la Kazungula, kisha chini kupitia Francistown. Tukawa tunapata habari zake kwa vipande. Basi limekwama Tunduma. Yuko Lusaka, anasubiri lijae. Kisha kimya, nikala kucha. Kisha ujumbe kwamba wamesimama njiani, tembo wanavuka, na dereva amezima injini.

Sisi tulingoja. Kungoja nako ni kazi, waulizeni wagonjwa. Mma Lorato alinifundisha kufunga kitambaa kama wao. Deo alipelekwa na kaka zake Tumi kwenye mazizi yao ya mbali, akarudi amebabuka pua, hawezi kunyoosha mgongo kwa kuteka maji ya ng'ombe, lakini anacheka. Mzee Gurdip alikaa kila siku na Rra Modise kwenye kivuli cha ukuta, wazee wawili waliokataana, wakinywa chai na kubishana kuhusu rangi ya kibao cha duka la kijiji. Mwishowe Mzee akakipaka upya kwa mkono wake. Kipo, mkienda mtakiona: herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, mtindo wa Nakuru.

Beno alishuka Serowe siku mbili kabla ya siku yetu ya kuondoka. Nilimpita kituoni nisimjue. Amekonda, mvi zimeenea, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkononi ana kiroba kitupu amekikunja vizuri. Kilikuwa cha machungwa ya kuwaletea wakwe. Mpakani walimchukulia yote, matunda hayaruhusiwi, wakambakizia kiroba. Alisimama akanitazama, akasema, "Konsolata, umekuwa mama mtu mzima." Nikalia palepale kituoni, mbele ya wauza magwinya.

Asubuhi ya pili

Sikuingia. Safari hii tulifuata desturi. Walikwenda Beno, amevaa koti la Deo lililombana mabegani, na Mzee Gurdip kama mkalimani, maana Beno Kiingereza kinampiga chenga. Mma Lorato akawaongoza na mumewe. Mimi na Deo tulibaki barazani, shuka mabegani, baridi ya alfajiri inauma. Binti anaishi London, mwana kazaliwa London, nauli nimehangaikia mimi, na jambo lenyewe linasemwa nyuma ya ukuta nisikokuwepo. Nilikasirika kidogo, sifichi. Halafu nikachoka hata kukasirika.

Walikaa muda mrefu. Jua likapanda. Deo akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili, "Mjomba atasema nini? Hanijui." Ni kweli. Beno alimwona mara moja tu, Deo akiwa na miaka mitatu, nilipompeleka Muheza kumzika bibi yake. Tangu hapo ni simu tu.

Kisha ng'ambo ya ukuta tukasikia mwanamke mmoja anapiga vigelegele, akafuatwa na wengine. Mma Lorato akaja anakimbia na unene wake wote. Deo alinikumbatia mpaka nikasikia mgongo unalia. Beno alipotokea nilimuuliza wamekuuliza nini, umesema nini. Akasema, "Yamekwisha, dada. Nipe mahali nilale." Akalala kwenye kiti, sherehe inaendelea, sahani ya seswaa mapajani.

Kurudi

Kesho yake tuliagana Palapye. Yeye alipanda basi la kaskazini, kuanza upya barabara yote ile, kiroba kimejaa nyama kavu aliyopewa na wakwe, ambayo nina hakika wameshamnyang'anya mpakani. Sisi tukapanda la kusini.

Ndipo Mzee Gurdip akanisimulia. Rra Modise alimuuliza Beno kama anamjua vizuri mpwa wake. Mzee anasema alifikiria hata kutafsiri jibu jingine litakalofaa. Lakini Beno alijibu pole pole, akingoja kila sentensi itafsiriwe.

"Simjui sana," alisema. "Nilimbeba mara moja. Lakini miaka yote hii dada yangu akinipigia humwita aje anisalimie, na hajawahi kukataa. Maneno hana mengi, ila akiitwa anakuja. Nami nimeitwa nikiwa shambani, nimekuja. Kwetu hatuna kingine cha kuwaonyesha."

Mzee anasema Rra Modise aligeuka kwa akina mama akawaambia waandae chakula.

Hiyo ndiyo Botswana niliyoiona. Simba sikuwaona, tembo kawaona Beno. Harusi ni mwakani, mtaalikwa, msiniulize tena.

Jana ilikuwa Jumapili. Deo alikuwa amekuja kula, yuko chumbani na simu yake. Nikakaa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, nikampigia Beno. Ilipoanza kuita nikageuka nimwite mtoto aje kumsalimia mjomba wake. Alikuwa ameshakaa pembeni yangu.